Makohozi ya kijani: nani kayapaka rangi?

Je, umewahi kukohoa, ukachungulia ulichotema, ukakuta ni kijani? Usione haya, wengi tunachungulia. Hapa Nsemulwa vumbi la kiangazi likianza, vifua navyo vinaanza, na anayeona rangi hiyo mbio duka la dawa: "Nipe rangi mbili." Ngoja kwanza, rafiki.

Rangi ile haitoki kwa vijidudu. Inatoka kwako mwenyewe! Vijidudu vikiingia kwenye mirija ya hewa au mapafu, mwili unatuma askari wake, chembe nyeupe za damu ziitwazo nyutrofili. Ndani yao mna kimeng'enya kiitwacho mieloperoksidezi, chenye madini ya chuma, na chenyewe ni cha kijani. Kinatengeneza sumu ile ile inayoua vijidudu tukitia klorini kwenye maji ya kunywa. Askari wakifa kwa wingi, kinamwagika kwenye makohozi, kama usaha wa jipu. Silaha yao nyingine, elastezi, ikizidi inakula hata mapafu yenyewe. Ndiyo maana watafiti hupima vitu hivi kwenye makohozi, wajue vita ni vikali kiasi gani.

Lakini rangi haisemi adui ni nani. Virusi huleta kijani, bakteria pia. Na rangi mbili haziui virusi hata kimoja. Zinawafundisha tu bakteria kuzizoea.

Halafu yupo adui mjanja: kifua kikuu. Makohozi yake yanaweza kuwa meupe, ya njano au yenye damu. Robert Koch alimgundua kwa hadubini mwaka 1882. Siku hizi mashine ya GeneXpert humtafuta kwa vinasaba, majibu kwa saa mbili hivi. Kule Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, panya buku wamefundishwa kumnusa. Ndiyo, panya!

Kwa hiyo ukikohoa wiki mbili au zaidi, ukikonda, ukitoka jasho usiku, nenda kituo cha afya. (Ukihema kwa shida au kutema damu, nenda leo leo.) Vipimo na dawa za TB kwenye vituo vya serikali ni bure. Utapewa kikopo, na hapo ndipo wengi wanachemsha: wanatema mate. Mate ni ya mdomoni, hayajui habari za mapafu. Suuza kinywa kwa maji, simama nje mbali na watu, vuta pumzi ndefu mara mbili tatu, kisha kohoa kutoka chini kabisa ya kifua. Kijiko kimoja cha chai kinatosha.