Picha ya Paka Mezani pa Kazi

Imekuwa ada katika ofisi nyingi mtumishi kuweka mezani pake, baina ya majalada na kikombe cha chai, picha ya mbwa au paka wake aliyemwacha nyumbani. Na wako wasimamizi waionao ada hiyo kuwa upuuzi usiolaiki mahali pa kazi, ilhali elimu ya nafsi yashuhudia kwamba ina manufaa yake.

Mwaka 1943 Konrad Lorenz, mtaalamu wa tabia za wanyama kutoka Austria, alieleza ya kuwa kichwa kikubwa, macho ya duara na mashavu yaliyojaa, viwe vya mtoto mchanga au vya mtoto wa mnyama, humtia mtu mzima huruma na hamu ya kulea. Mwaka 2012 Hiroshi Nittono na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hiroshima, Japani, waliwapa wanafunzi kibano watoe vitu vidogo vijitunduni pasipo kugusa kingo, wakawaonyesha picha, kisha wakawarudisha kazini. Na wale waliotazama watoto wa mbwa na wa paka wakazidi kwa utulivu wa mkono kuliko waliotazama wanyama wakubwa, kwani huruma huleta hadhari, nayo hadhari hukusanya fikira kwenye jambo moja.

Fauka ya hayo iko faida ya ikhtiari. Craig Knight na Alex Haslam wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walionyesha mwaka 2010 kwamba waliopamba chumba cha kazi kwa hiari yao walifanya kazi kwa wepesi zaidi, hata kufikia asilimia 32, kuliko waliokaa katika chumba kitupu. Lakini mapambo yao yalipopanguliwa na msimamizi, faida ile ilitoweka.

Picha, hata hivyo, isidaiwe makubwa: ile homoni ya mapenzi, oksitosini, ambayo watafiti wa Japani waliiona mwaka 2015 ikizidi kwa mbwa na bwana wake wanapotazamana, ni habari ya mnyama aliye hai, ingawa picha nayo haimwagi manyoya ya kumdhuru jirani mwenye pumu.

Basi wakuu wa kazi wamwachie kila mtumishi hiari ya kuipamba meza yake, wasimtundikie ukutani wanyama waliowachagua wao; naye ambaye dhiki ya kazi imemkosesha usingizi kwa majuma mengi asitosheke na picha, bali amwendee tabibu.