Bwawa la Samaki na Njia ya Maji
Katika mabonde ya Gitega na Muyinga, mwenye bwawa la perege huogopa usiku wa mvua kuliko mwizi. Asubuhi aweza kukuta tuta limekatika, na samaki wa chakula cha watoto wamekwenda na maji. Mara nyingi kosa ni kuweka bomba la kutolea maji lililo sawa na la kuingizia.

Ndoo ya lita 20 ikijaa kwa sekunde 40, bwawa lapokea lita 30 kwa dakika. Mvua ya milimita 40 ikinyesha kwa saa moja juu ya bwawa la mita 10 kwa 10, huongeza lita 4,000, yaani zaidi ya lita 60 kwa dakika! Basi njia ya kutokea iwe pana. Bomba lenye kipenyo maradufu lina uwazi mara nne. Mdomo wake ukae sentimita 30 chini ya ukingo wa tuta, nao ufungwe wavu.

Maji yaingiayo, kinyume chake, yawe ya kufidia tu yanayopotea kwa jua na ardhini. Kijito cha milimani ni baridi, na perege hupenda nyuzi 25 hadi 30.

Wavu usafishwe kila jioni ya masika: jani moja la mgomba latosha kuuziba.