Mkaa Uliokolea

Mwanangu wa tatu alizaliwa hapa Leicester mwezi wa Januari, wiki ambayo magari yalikuwa yakiamka asubuhi yamefunikwa na barafu. Mama yangu alikuwa ameshafika kutoka Tanga siku kumi kabla, na sanduku lake, kama wengi wenu mnavyoweza kukisia, halikuwa la nguo. Lilikuwa na pilipili manga ya uji wa mzazi, mdalasini, leso mpya za kunifunga tumbo, udi, ubani, na chetezo cha udongo alichokizungushia kanga tatu kisivunjike njiani. Kitu kimoja tu hakuja nacho: mkaa. Huo aliukuta duka la mtaa wa pili, mifuko imepangwa mlangoni pembeni ya magunia ya viazi.

Nyumbani kwetu mzazi huoteshwa moto. Bibi alimfanyia mama, mama akawafanyia dada zangu wote wawili, na wazazi wangu wa kwanza wawili nilijifungua huku peke yangu, bila mtu wa kunikanda wala kunipikia uji. Kwa hiyo mama aliposema, "Safari hii utazaa kama binti wa watu," nililia. Nawaambia haya ili mjue kwamba usiku ule hapakuwa na mjinga chumbani mwangu. Palikuwa na mapenzi.

Siku ya nne baada ya kujifungua, baada ya magharibi, mama aliwasha mkaa uani. Alijifunga koti la mume wangu, akasimama kwenye baridi akipepea kwa kifuniko cha sufuria. Alisubiri mpaka moshi ukaisha wote na makaa yakavaa majivu meupe. Kwa watu wa kwetu hiyo ndiyo kanuni: mkaa unaotoa moshi hauingizwi ndani, lakini ukishakolea hauna neno. Nami niliiamini kanuni hiyo miaka yangu yote. Aliyaleta makaa juu chumbani kwenye karai, akatia mengine chetezoni, akadondosha udi. Kisha akafunga dirisha, akafunga mlango, akasokota taulo na kulibana chini ya mlango ili kichanga kisipigwe na ubaridi wa ngazini.

Chumba kilinukia kama nyumbani. Nilikuwa sijasikia raha ile kwa miaka tisa.

Kichwa kilianza kuniuma baada ya muda, nikasema ni uchovu wa uzazi. Binti yangu wa miaka sita, aliyekuwa amejikunja miguuni mwangu akimtazama mdogo wake, akasema naye kichwa kinamuuma, halafu akatapika. Mama akamfuta, akasema ni baridi ya nchi hii, akamtoa akalale kitandani kwake. Akarudi, akafunga mlango, akaketi kwenye mkeka akaegemea kitanda. Nakumbuka nilitaka kumbadilisha mtoto nepi nikaiona mikono yangu mizito, kama si yangu. Sikuogopa. Hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo: sikuogopa hata kidogo. Nilisikia usingizi mtamu tu.

Mume wangu hutoka zamu saa nne usiku. Alipoingia aliita, hakuna aliyeitika. Alimkuta binti yetu amelala sakafuni nje ya choo. Alipousukuma mlango wa chumba, taulo likamzuia, akausukuma kwa bega. Mama hakuweza kusimama. Alifungua madirisha yote, akatuburuta mmoja mmoja hadi chini, akapiga 999. Aliyepokea simu alimuuliza swali ambalo yeye mwenyewe hakuwa amelifikiria: je, kuna kitu kinachoungua ndani ya nyumba? Akamwamuru atutoe nje sote, baridi au si baridi, na asirudi ndani. Wahudumu wa gari la wagonjwa walipofika, mmoja alikuwa na kidude kidogo kimening'inia kwenye mkoba wake. Alipopanda ngazi tu kikaanza kulia.

Hospitali tulivishwa barakoa za oksijeni, sisi wote wanne, mpaka kesho yake. Muuguzi mmoja alinieleza jambo ambalo kila mzazi anapaswa kulijua. Kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni kilisoma namba nzuri kabisa kwangu, kwa sababu aina ya kawaida ya kipimo hicho haiwezi kutofautisha damu yenye oksijeni na damu yenye sumu hii. Ni kipimo cha damu kilichosema kweli. Kwa hiyo ukifika kwa daktari, mwambie wazi: tulikuwa na mkaa ndani. Usione haya. Ukificha, utapewa dawa ya mafua na kurudishwa kwenye chumba kilekile.

Sumu yenyewe inaitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho, haikohozi. Hutoka pale kitu kinapoungua bila hewa ya kutosha: mkaa, kuni, gesi, mafuta ya taa, petroli. Ndani ya damu hushikamana na ile chembe inayobeba oksijeni, tena hushikamana nayo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Mwili unakosa hewa huku mtu anapumua vizuri tu. Ukitoka nje, damu huchukua kama saa 4 hadi 5 kupunguza nusu ya sumu hiyo. Ukiwekewa oksijeni safi, muda huo hupungua sana. Watoto wachanga na mimba tumboni huathirika zaidi kuliko sisi.

Na hapa ndipo kanuni ya mama ilipotudanganya. Moshi na sumu hii ni vitu viwili. Makaa mekundu yaliyokolea, yasiyo na moshi wala ndimi za moto, ndiyo yanayoitoa kwa wingi. Hata yakianza kufifia, yaliyofunikwa majivu, bado yanatoa. Ndiyo maana kila kiangazi utasikia habari za watu waliochoma nyama bustanini au kambini, wakaona makaa yamekufa, wakayaingiza hemani yawapashe joto, na hawakuamka.

Nilimuuliza mama: mbona Tanga hakufa mtu? Alifikiri sana. Kisha tukaanza kuihesabu ile nyumba ya bibi: jiko liko uani, dari ni makuti, ukuta haufiki juu, dirisha ni la mbao na nondo, halijawahi kufungwa tangu lijengwe. Upepo wa bahari unaingia huku unatoka kule. Nyumba ya huku imejengwa kwa kusudi la kuzuia hewa isipite: vioo viwili viwili, mipira pembezoni mwa milango, na sisi tukaongeza taulo. Mkaa ni uleule, nyumba si ile.

Rafiki yangu mmoja ni mtu wa Makete. Alipokuja kututazama alishika kichwa. "Dada, kwetu hakuna asiyejua," aliniambia. Huko nyanda za juu, Njombe, Makete na Mbeya, msimu wa baridi watu huingiza jiko ndani wapate joto, na karibu kila mwaka magazeti huandika familia iliyokutwa imelala moja kwa moja. Sisi watu wa pwani hatukuwa na sababu ya kujifunza. Tumeijia baridi ukubwani.

Sasa kuhusu kengele, maana najua kuna anayejiuliza. Nyumba yetu ilikuwa nazo mbili. Moja ni ya moshi, kwenye dari ya ngazini. Hiyo nilikuwa nimeivisha mfuko wa nailoni tangu Ramadhani, kwa sababu ililia kila nikipika chapati. (Nyanyua mkono kama yako haijawahi kuvishwa mfuko.) Hata isingevishwa, isingetusaidia: kengele ya moshi haitambui kaboni monoksaidi. Ya pili ilikuwa ya kaboni monoksaidi hasa, jikoni chini, karibu na boila. Ilikuwa nzima. Lakini sumu ilikuwa juu, nyuma ya mlango uliobanwa taulo. Sasa tuna nyingine ukumbini nje ya vyumba vya kulala na moja chumbani kwetu. Bei yake ni kama mlo mmoja wa familia mkahawani. Nyuma ya kila moja kuna tarehe ya kwisha, kwa sababu nazo huzeeka, nyingi baada ya miaka 7 hadi 10. Kitufe cha kujaribia naachia binti yangu akibonyeze kila Jumamosi, na anaifanya kazi hiyo kwa fujo zote za mtoto.

Wanafunzi mnaopanga vyumba Uingereza, mjue haki yenu. Tangu Oktoba 2022, mwenye nyumba England lazima aweke kengele hii katika kila chumba cha kuishi chenye chombo kisichohamishika kinachochoma gesi, kuni au mafuta, isipokuwa jiko la gesi la kupikia. Vyombo vya gesi lazima vikaguliwe kila mwaka na fundi aliyesajiliwa Gas Safe, nawe upewe nakala ya cheti. Moto wa boila au jiko la gesi uwe wa buluu. Ukiuona wa manjano na umelegea, au ukutani kumeanza masizi, zima, fungua madirisha, toka, piga 0800 111 999. Na kama kichwa kinakuuma nyumbani, kinapona ukiwa chuoni, kinarudi ukirudi, na mnayekaa naye hali ni hiyohiyo, msiendelee kununua vidonge.

Walioko Marekani watakumbuka Texas, Februari 2021, umeme ulipokatika kwenye theluji: watu waliingiza majiko ya mkaa na majenereta ndani, wengine wakawasha magari kwenye gereji wapate joto. Ilitokea pia Seattle, Desemba 2006, baada ya dhoruba, na wengi walioumia walikuwa wahamiaji. Gazeti kubwa la mji lilichapa onyo ukurasa wa mbele kwa lugha kadhaa, Kisomali ikiwemo. Na ndugu zetu wa Muscat na Dubai, msidhani ni habari ya nchi za baridi kali. Chumba chenye kiyoyozi kilichofungwa, au hema la jangwani usiku wa Januari, na chetezo au karai la makaa ndani, ni chumba changu kilekile. Wasichana wanaofanya kazi za nyumbani huko, mkipewa kazi ya kutunza makaa ya buhuri, fungueni dirisha, na msilale nayo.

Namba za dharura andika uziweke kwenye friji: Uingereza 999, Marekani 911, Oman 9999. Mwenye Kiingereza kidogo ataje neno moja tu, "Swahili", maana vituo vingi vina wakalimani wa simu. Mama yangu nilimfundisha kusema hivyo, na anwani yetu, akaikariri kama sura.

Lakini kazi ngumu haikuwa kengele. Ilikuwa mama. Tuliporudi kutoka hospitali hakumshika mtoto siku mbili. Alikaa jikoni, akisema atarudi Tanga, kwamba ametaka kuniua mwenyewe. Mume wangu ndiye aliyempelekea mtoto, akamweka mapajani mwake bila kuuliza, akasema, "Mama, arobaini haijaisha, na mimi sijui kukanda." Tukaanza upya. Maji ya moto ya kukandwa hayana sumu. Uji hauna sumu. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kanga ilikaa mgongoni pangu. Udi tuliufukiza kwa chetezo cha umeme, ambacho mama alikidharau mara ya kwanza kama kichezeo cha watoto. Karai aliliosha, akalifanya la kuogeshea mtoto.

Chetezo cha udongo kipo kabatini. Hutoka kiangazi, uani, mlango wazi.

Mama alirudi Tanga mwezi wa Machi. Juzi alinitumia ujumbe wa sauti, nyuma nasikia vyombo vya shughuli. Mjukuu wa jirani amejifungua, na wamejenga nyumba mpya ya vioo na kiyoyozi. "Nimewaambia moto ubaki nje," anasema, "wakanicheka. Nimekaa mlangoni kwao, sitoki."