Je, Wajua? Kidude Kinachoituliza Gesi

Je, wajua kwamba mapafu yako yana nguvu kuliko gesi inayoingia kwenye jiko lako? Regulata ya nyumbani, kile kidude cha juu ya mtungi, huitoa gesi kwa presha ya kuinua maji sentimita 30 tu ndani ya mrija. Jaza mashavu, puliza kwa nguvu: unaipita!

Ndani ya mtungi ni habari nyingine. Propeni tupu kwenye joto la nyuzi 30 hufika baa 10, na tairi la gari dogo ni baa 2 na ushee. Hadi imfikie mpishi, presha hiyo imeshushwa zaidi ya mara 300.

Nani kaishusha? Utando wa mpira na springi, basi! Hakuna umeme wala betri. Gesi ikizidi, inauinua utando na njia ya gesi inajibana. Ukiwasha jiko la pili, presha inapungua, springi inausukuma utando chini, njia inafunguka tena.

Hebu itazame regulata yako: kile kitundu kidogo umekiona? Utando unapumulia hapo. Nyigu akikijengea udongo, kidude chote kinachanganyikiwa.

Shika na hii. Mama lishe wa Mbekenyera, Ruangwa, mkoani Lindi, akiwasha moto mkubwa, mtungi wake unaweza kutokwa jasho, hata kuganda barafu kwa nje, jua la Ruangwa likiwa utosini! Gesi ya kimiminika inapogeuka mvuke hunyonya joto la mtungi wenyewe. Na ikigeuka mvuke yote, gesi ya mtungi wa kilo 15 hujaza zaidi ya lita 6,000.

Jiko la shule au hoteli? Mitungi huunganishwa kadhaa, na mara nyingi regulata huwa mbili: ya kwanza inashusha, ya pili inamalizia.

Na hii nimeipenda kuliko zote: gesi ya mtungi wa Mbekenyera imekuja nchini kwa meli, ilhali mkoa huohuo wa Lindi una gesi yake, Songo Songo, Kilwa, iliyogunduliwa 1974! Ya kwetu ni metheni, nyepesi kuliko hewa, ikivuja inapaa. Ya mtungi ni nzito, inatambaa sakafuni.

Tangu 2004 metheni hiyo inasafiri kwa bomba hadi Dar es Salaam, kilomita 25 za mwanzo chini ya bahari. Huko, kwenye kiwanda cha Wazo Hill, kabla hayajawa saruji, mawe huchomwa hadi nyuzi 1,450. Kwa moto wa Kilwa, bwana!