Redio Peke Yake Haijengi Kijiji



Mara ngapi umesikia redioni habari za chanjo ya kideri, ukaitikia kwa kichwa, halafu msimu ukifika kuku wanakufa vilevile kama mwaka jana? Habari uliipata. Basi, ni kitu gani kilikosekana? Hebu tuangalie walivyofanya wengine zamani.

Mwaka 1941, redio ya umma ya Kanada, CBC, ilianzisha kipindi cha wakulima kwa nchi nzima, ikishirikiana na shirikisho la wakulima na chama cha elimu ya watu wazima. Majira ya baridi, kila Jumatatu jioni, majirani walikutana nyumbani kwa mmoja wao. Walikuwa wameshatumiwa kijitabu chenye mada ya juma hilo. Walisikiliza nusu saa, wakazima redio, wakaanza kujadili. Katibu aliandika majibu ya kikundi na kuyatuma kwa posta. Wito wao ulikuwa: Soma, Sikiliza, Jadili, Tenda. Kipindi kilidumu hadi 1965.

Uingereza nao walitumia mchezo wa kuigiza. Mkulima hapendi kuhubiriwa, sivyo? Kwa hivyo BBC, tarehe 1 Januari 1951, ilianza kutangaza kwa nchi nzima mchezo uitwao The Archers, juu ya familia ya wakulima. Wakati huo chakula kilikuwa bado kwa mgao. Watu walifuata mambo ya familia ile, na humo humo wakapata mafunzo ya kilimo. Mchezo huo unaendelea hata leo.

Lakini jibu la swali letu linatoka India. Mwaka 1956 redio ya serikali, All India Radio, kwa msaada wa UNESCO, ilifanya jaribio katika vijiji 150 vya eneo la Poona. Kila kijiji kilikuwa na kikundi cha watu 20 hivi. Kwa majuma kumi walisikiliza vipindi viwili kila juma: hotuba, mazungumzo na michezo ya kuigiza. Kila baada ya kipindi walijadiliana.

Watafiti waliwauliza maswali kabla na baada. Wenye vikundi walikuwa wameongeza ujuzi sana. Vijiji vilivyokuwa na redio bila kikundi vilijifunza kidogo tu. Tena vikundi havikuishia kwenye maneno. Vingine vilichimba visima, vingine vikanunua kuku wa Leghorn.

Mwaona? Kilichokosekana si redio. Ni kile kikao cha baada ya redio.

Nasi tujaribu. Kikundi kichague kipindi kimoja, msikilize pamoja, kisha mzime redio na kuulizana:

1. Tumesikia nini?
2. Je, kwetu hapa mambo yako hivyo?
3. Nani atafanya nini, na lini?

Mwenyekiti asiwe wa kwanza kusema, maana mkubwa akishasema wengine hunyamaza. Awape akina mama na vijana nafasi. Katibu aandike jina na tarehe kwa kila kazi, na mkutano ujao muanze na karatasi hiyo. Kipindi kikiwa hakiwafai, waandikieni watangazaji muwaambie.

Katika jumuiya ndogo ndogo tumezoea kusema: Ona, Amua, Tenda. Redio hutusaidia kuona. Kuamua na kutenda ni kazi yetu, na kidole kimoja hakivunji chawa.