Kila mgombea "anainua biashara ndogo". Anamaanisha nini?

Uzi mwingine wa mambo yanayorudi rudi kwenye mijadala ya siasa. Sheria yetu ni ile ile: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Ukitaja kwenye majibu nitafuta, usinikasirikie.

Leo ni "kuinua biashara ndogo". Sijawahi kusikia mgombea akipinga hii kitu. Na jambo ambalo wote wanakubaliana nalo hivyo, mimi huuliza kama wanaongea kuhusu kitu kimoja.

Nimekulia Kawangware. Nyuma ya ploti yetu kuna nyanya mmoja, mtaa mzima tunamwita Shosh. Anachukua vumbi la makaa kwa wauzaji, lile linalobaki chini ya gunia. Anachanganya na udongo na maji, anafinyanga mipira, anaanika juani siku kadhaa, anauza. Mipira hiyo huwaka polepole, kwa hivyo wenye kuchemsha githeri wanaipenda sana.

Kibera pia wako wengi wa kazi hii. Usiidharau. Watafiti waliopima gharama huko Kibera walichapisha matokeo mwaka 2013: kupika nusu kilo ya mahindi mabichi na nusu kilo ya maharagwe kuligharimu shilingi 3 kwa mipira ya vumbi, shilingi 26 kwa makaa ya kawaida, na shilingi 45 kwa mafuta ya taa. Bei zimepanda tangu hapo, lakini angalia hiyo tofauti! Na hakuna mti mwingine uliokatwa. Wale wa "uchumi wa kijani" kwenye mikutano ya mahoteli, Shosh aliwatangulia.

Sasa tuje kwa msaada. Kwenye mijadala, ukisema "biashara ndogo" mtu anajibu "mkopo". Hustler Fund ilipoanza Novemba 2022 iliahidi kati ya shilingi 500 na 50,000, riba ya 8% kwa mwaka, ulipe ndani ya siku 14. Tuseme ukweli, riba hiyo ni nafuu kuliko mikopo mingi ya simu. Lakini siku 14? Mvua ikinyesha wiki moja, mipira ya Shosh bado ni matope na deni limefika.

Nilimuuliza, "Shosh, si ukope kidogo upanue kazi?"

Akanicheka. "Mjukuu wangu, nikope ninunue nini? Vumbi ninalo. Wewe uliyesoma, nitafutie pahali pa kuanika."

Pahali. Hapo ndipo mijadala yetu haifiki. Shosh amehamishwa mara mbili: kwanza ploti aliyokuwa akianika ikajengwa ghorofa, halafu barabara ikapanuliwa. Kila mara anaanza upya, na wateja wengine hawajui ameenda wapi. Hajawahi kufilisika kwa kukosa pesa ya kununua mali. Anafilisishwa na kuhamishwa.

Kibera ilikuwa hivyo kwa ukubwa zaidi. Julai 2018 matingatinga yaliingia kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, na maelfu ya watu wakaachwa bila nyumba. Sipingi barabara, hata mama mboga anaihitaji. Swali ni nani anahesabiwa ikipita. Mwenye hati ya ardhi ana karatasi ya kudai nayo. Mwenye kibanda anadai na nini? Utafiti wa Shirika la Takwimu la Taifa, KNBS, mwaka 2016 ulikadiria biashara ndogo na za kati kuwa milioni 7.4 nchini, na zilizokuwa na leseni ni kama milioni 1.6 tu. Yaani karibu nne kati ya kila tano hazikuwa na karatasi.

Kuna mtu ataandika hapa chini, "hao si hawalipi ushuru". Tangu 2023, biashara inayouza kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka inatozwa 3% ya mauzo, kutoka 1%. Mauzo, si faida. Ukiuza za 100,000 kwa mwezi unatoa 3,000, hata kama mwezi huo umepata hasara. Shosh hafiki hapo, lakini muuza nguo wa Toi anaweza kufika.

Kwa hivyo mgombea akija mtaani kwenu na hotuba ya mikopo, msikize, halafu muulize: hawa watu watasimama wapi miaka mitano ijayo, na hiyo nafasi imeandikwa kwenye mpango gani wa kaunti? Mimi nimeuliza kwenye mikutano miwili. Wa kwanza alinijibu kuhusu mikopo. Wa pili alisema swali zuri, akapokea swali lingine.

Kwa sasa Shosh anaanika juu ya mabati ya choo chetu. Landlord bado hajagundua.

Uzi ujao: basari.