Njia Iliyofungwa kwa Karatasi

Sogeeni karibu, wajukuu zangu, niwasimulie habari ya ndege iliyoingia njia isiyo yake. Hii si ngano. Ilitokea kweli usiku wa tarehe 31 Oktoba 2000 kisiwani Taiwan, kwenye uwanja wa ndege wa Chiang Kai-shek, ambao siku hizi huitwa Taoyuan.

Tufani iitwayo Xangsane ilikuwa inakikaribia kisiwa. Mvua ilimwagika, upepo ukavuma kwa nguvu. Ndege ya Singapore Airlines aina ya Boeing 747, safari namba 006, ilikuwa na watu 179 ndani yake, safari ya kwenda Los Angeles. Waongoza ndege waliokuwa mnarani waliwaambia marubani warukie njia 05L.

Tusimame hapo kwanza, maana asiyeijua namba hiyo hataielewa hadithi. Dira ya rubani ina nyuzi 360: mashariki ni 90, kusini 180, magharibi 270, kaskazini 360. Njia ya kurukia hupewa namba kufuata upande inakoelekea, ikikadiriwa hadi kumi iliyo karibu, kisha sifuri ya mwisho huachwa. Chukueni uwanja wa Zanzibar. Rubani akiruka kuelekea kusini, yuko njia 18. Akiruka kuelekea kaskazini, lami ile ile inaitwa 36. Kwa hiyo kila njia ina majina mawili, moja kwa kila mwisho, nayo huandikwa chini kwa rangi nyeupe, kwa tarakimu kubwa ambazo rubani huziona tangu angani. Tena majina hayo hubadilika! Dira hufuata sumaku ya dunia, nayo huhama polepole, na baada ya miaka mingi namba ya zamani huwa si sahihi tena. Uwanja wa Stansted, Uingereza, ulipaka namba mpya mwaka 2009.

Basi 05 ni njia inayoelekea kama nyuzi 50, kati ya kaskazini na mashariki. Njia kuu ya Dar es Salaam nayo ni 05. Lakini pale Taiwan palikuwa na 05 mbili, zimelala sambamba, zimeachana kwa mita zaidi ya 200. Ya kushoto ikaitwa 05L, ya kulia 05R. Hiyo ya kulia ilikuwa inatengenezwa. Katikati yake palichimbwa, pakawekwa vizuizi vya zege, makatapila yakaegeshwa humo humo kwenye lami.

Je, marubani hawakuambiwa? Waliambiwa. Uwanja unapofunga njia hutoa tangazo maalumu liitwalo NOTAM, na marubani hulisoma kabla ya kuondoka. Tangazo lilikuwepo, nao walijua kwamba 05R imefungwa. Ila mwanzoni mwa njia hiyo, pale ndege inapoingilia, hapakuwa na kizuizi wala taa ya kuonya. Sehemu hiyo ya mwanzo ilikuwa bado inapitiwa na ndege zinazotembea kwenda kwingine.

Ndege ikatembea gizani polepole. Ilitakiwa ipinde kulia, iikatize 05R, iende mbele hadi 05L. Chini palikuwa na taa za kijani zinazowaonyesha marubani pa kupita. Zilizopinda kuingia 05R zilikuwa nyingi na zilikaribiana. Zile za kuendelea mbele kwenda 05L zilikuwa chache, zimeachana, na moja ilikuwa imezima. Rubani akafuata mwanga ulioonekana. Waongoza ndege hawakuiona ndege kwa sababu ya mvua, na uwanja haukuwa na rada ya kutazamia ndege zilizo chini.

Mtauliza, dira je? Hapa ndipo uchungu wa habari hii ulipo. Dira ilisema nyuzi 50, na ilisema kweli, kwa kuwa njia zote mbili zilielekea huko. Namba ililingana, herufi ndiyo haikulingana, na dira haijui herufi. Ushahidi ulikuwepo kwingine. Njia 05L ina upana wa mita 60 na taa nyeupe katikati. Hii waliyoingia, 05R, ilikuwa na upana wa mita 45 na taa za kijani. Hata kifaa kimoja mbele ya marubani, ambacho hufunguka ndege ikiwa imekaa sawa kwenye mstari wake, kilikataa kufunguka. Walikiona. Lakini taa walikuwa wanaziona kwa macho, wakaona inatosha.

Saa tano na dakika kumi na saba usiku ndege ikaanza kukimbia. Ilipokuwa na mwendo wa zaidi ya kilomita 250 kwa saa ikagonga zege na makatapila, ikakatika, ikawaka moto. Watu 83 walikufa.

Wachunguzi wa Taiwan walisema marubani hawakuhakikisha njia waliyopo. Serikali ya Singapore ikajibu kwamba uwanja nao haukuwa na alama na taa zilizostahili. Mimi nikiwasikiliza wote wawili nasema hivi: njia iliyofungwa kwa karatasi peke yake bado iko wazi. Mtu aliyechoka, gizani, kwenye mvua, hukiamini kile anachokiona. Kwa hiyo mlangoni pa njia iliyofungwa lazima pawe na kitu cha kuonekana.

Miaka sita baadaye, tarehe 27 Agosti 2006, huko Lexington, Marekani, ndege iliyopangiwa njia 22 iliingia njia 26, iliyokuwa fupi mno kwake. Hapo pia ujenzi ulikuwa umebadili njia za kupita, na michoro waliyokuwa nayo marubani haikulingana na uwanja. Safari hii dira ilikuwa inapiga kelele, kwani 22 na 26 zimetofautiana kwa nyuzi 40, lakini hakuna aliyeilinganisha. Kati ya watu 50 alipona mmoja tu, naye alikuwa rubani msaidizi.

Siku hizi njia iliyofungwa huwekewa alama kubwa ya X, na baadhi ya viwanja huweka X ya taa inayomulika macho ya rubani hata usiku. Baadhi ya ndege zina kifaa kinachotamka kwa sauti namba na herufi ya njia ndege inapoingia. Na kabla ya kuongeza moto wa injini, marubani wawili husomeana namba ya kwenye ubao mwekundu kando ya njia, ya chini kwenye lami na ya kwenye dira. Moja ikikataa, ndege haiondoki.